Msimu Ambao Bingwa Alishushwa Daraja

Wewe uliiona. Usijifanye hukuiona. Ilikuwa ukurasa wa nyuma wa gazeti, chini kabisa, mistari mitano iliyobanwa na tangazo la mabati: bingwa wa ligi kuu ya nchi moja ya Amerika Kusini ameshushwa daraja. Ukacheka. Ukamwonyesha mwenzako pale kwenye benchi la kinyozi, ukasema, "Hebu ona vituko vya watu," naye akacheka, kisha mkafunua ukurasa mwingine mkaanza kubishana kama yule mshambuliaji wa Ulaya anauzwa au hauzwi. Hukuuliza bingwa huyo alikuwa nani. Hukuuliza watu wake walipatwa na nini. Mistari mitano ilikutosha.

Basi leo utakaa na utasikia yaliyobaki. Na usiwe na wasiwasi, hayakuhusu. Ni nchi ya mbali, kuna bahari nzima katikati, watu wake wanasema Kihispania na wanakula viazi vya rangi ya zambarau. Jina lake nimeliacha ili balozi wake asisumbuke. Kwetu mambo kama haya hayawezi kutokea, kila mtu anajua.

*

Nchi hiyo ilikuwa na reli moja, treni moja, na Rais wa Shirikisho la Mpira mmoja, Don Anselmo Larrea, ambaye alikuwa pia Waziri wa Reli. Mwenyewe alieleza kwamba kazi zote mbili ni moja: kuhakikisha vitu vinakwenda kwa ratiba. Mguu wake ulikuwa umejaribu kupiga mpira mara moja tu maishani, katika sherehe za ufunguzi wa uwanja uliopewa jina lake, na siku hiyo alipiga hewa. Magazeti yaliandika kwamba aliukwepa mpira kwa ustadi.

Don Anselmo ndiye aliyeleta bungeni Sheria ya Huduma kwa Madaraja. Alisema taifa limechoka kugawa huduma ovyo ovyo, kwa mtu yeyote tu eti kwa sababu anaumwa au ana kiu. Kuanzia sasa mji utahudumiwa kulingana na juhudi za timu yake ya mpira. Mji wenye timu Ligi Kuu, treni itasimama dakika arobaini na kushusha daktari, barua na maji. Mji wenye timu daraja la pili, treni itapunguza mwendo. Mji wenye timu daraja la tatu, treni itapiga honi kwa heshima. Na mji usio na timu utaondolewa kwenye ramani ili kuokoa wino.

Mbunge mmoja, mzee wa watu, alinyanyua mkono. "Mheshimiwa Waziri, treni ikipunguza mwendo tu, mgonjwa atapandaje?"

"Mgonjwa mwenye nia," akajibu Don Anselmo, "atakimbia."

Bunge zima likapiga meza. Gazeti la serikali likaandika kwamba hoja ya mheshimiwa ilijibiwa kikamilifu.

Sheria ilipopita, ulikuwapo mji mmoja ulioitwa Salitrosa, juu kabisa milimani, mahali ambapo hata kufunga kamba za viatu kunakuacha unahema. Mji umekaa katikati ya jangwa la chumvi, nyeupe mpaka macho yanauma. Hakuna mto. Ukichimba kisima unapata chumvi iliyoyeyuka. Maji ya Salitrosa yalikuja kila Alhamisi ndani ya behewa la tangi, nyuma ya treni, na kila nyumba ilichota ya wiki nzima. Wanaume kwa wanawake walikata chumvi kwa mashoka, tofali kwa tofali, na jioni vijana wakacheza mpira juu ya chumvi hiyohiyo. Mwezi mmoja kabla ya sheria, timu yao ilikuwa imepanda Ligi Kuu kwa mara ya kwanza tangu mji uzaliwe. Wengine waliita bahati.

Saturnina Condori hakuita bahati. Alikuwa mkunga wa mji, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, na alikuwa na msemo wake kwamba yeye kazini hahitaji vitu vingi: maji ya moto, na waume za watu wanyamaze. Siku sheria iliposomwa sokoni alimfuata kaka yake Evaristo, nahodha wa timu, beki wa kati, mkata chumvi kama wengine.

"Evaristo, umesikia?"

"Nimesikia, dada."

"Mkishuka, treni haisimami. Treni isiposimama, mimi nazalisha wanawake kwa chumvi."

"Hatushuki."

"Apa."

"Naapa kwa miguu yangu hii."

"Miguu yako naijua tangu ilipoanza kutembea. Apa kwa kitu kingine."

*

Sasa sikiliza habari ya wastani, maana hapa ndipo ulipochekea bila kuelewa.

Timu kubwa ya nchi hiyo iliitwa Klabu ya Kifalme ya Mji Mkuu. Nchi haijawahi kuwa na mfalme. Imekuwa tu na watu wanaokaa muda mrefu. Wachezaji na mashabiki wao wakaitwa Wafalme, na shabiki namba moja alikuwa Don Anselmo mwenyewe, ingawa kikazi hakuwa na upande. Msimu uliotangulia, Wafalme hao walishika mkia. Kanuni ilikuwa fupi, mtoto angeielewa: wa mwisho anashuka.

Kikaitishwa kikao cha dharura. Akaitwa Rufino Oyarzo, Mkurugenzi wa Takwimu, bwana mwembamba, mpole, aliyetembea na rula mfukoni kama wengine wanavyotembea na rozari. Akaambiwa atafute njia ya kisayansi. Rufino akajumlisha pointi za misimu miwili akagawa kwa mbili: Wafalme bado wa mwisho. Akajaribu mitatu, mitano, kumi: wa mwisho, wa mwisho, wa pili kutoka mwisho. Akarudi nyuma mpaka akaufikia ule msimu ambao timu sita zilinyimwa tiketi za treni na Wafalme wakapewa ushindi wa mezani mechi baada ya mechi. Hapo ilikuwa miaka kumi na tisa. Wafalme wakaruka mpaka nafasi ya tatu.

"Hapo hapo!" akapaza sauti Don Anselmo. "Simama hapo, Rufino! Usigeuze tena ukurasa!"

Ndivyo ulivyozaliwa Wastani wa Miaka Kumi na Tisa. Timu yenye wastani mdogo kuliko zote ndiyo itakayoshuka, mwaka huu na milele. Mkutano wa vilabu ukaitwa kupokea maelezo, na Evaristo akapanda treni siku mbili kwenda kuyapokea.

"Waheshimiwa," akasema ilipofika zamu yake, kofia mkononi, "hiyo miaka kumi na minane ya nyuma, sisi hatukuwa Ligi Kuu."

"Ndiyo maana mna sifuri," akajibu Rufino kwa upole.

"Lakini hatukucheza."

"Sasa ungependa tukupe pointi za mechi usizocheza? Huo si udanganyifu, nahodha?"

Ukumbi ukatikisa vichwa kwa masikitiko.

"Miaka kumi na minane iliyopita mimi nilikuwa na miaka saba!"

"Wenzako walianza mapema," akasema mwakilishi wa Wafalme, na watu wakacheka.

Evaristo akaikunja kofia yake. Hakujua hesabu nyingi, lakini alijua kugawa. Hata wangeshinda kila mechi, pointi za msimu mmoja zikigawanywa kwa kumi na tisa zinabaki makombo. Akauliza swali moja la mwisho. "Na tukiwa mabingwa?"

Walicheka mpaka mtu mmoja akaletewa maji. Don Anselmo akajifuta machozi, akamjia, akamshika bega mbele ya wote. "Bingwa ni bingwa, mwanangu. Nani amewahi kumshusha bingwa?"

Wakapiga makofi. Evaristo akalibeba jibu hilo mpaka nyumbani kama mtu aliyebeba hati ya shamba. Hakuna aliyemwambia aombe karatasi. Wewe ungemwambia? Wewe unayeahidiwa kwa mdomo kila mwaka, ukapiga makofi?

*

Ligi ilikuwa na timu kumi na nne, mechi ishirini na sita. Salitrosa wakacheza kama watu wanaokimbilia maji, kwa kuwa ndicho walichokuwa wakikimbilia. Bao lao moja lilikataliwa kwa sababu shuti lilikuwa kali kupita kiasi. Wapinzani wao walipewa penalti kwa rafu iliyochezwa msimu uliopita, ambayo refa alisema ndiyo kwanza ameikumbuka. Kipa wao alionyeshwa kadi ya njano kwa kuudaka mpira kwa dharau. Wakaendelea kushinda.

Wafalme wakapanda Salitrosa na mitungi ya hewa, mtungi kwa kila mchezaji, na miwili ya akiba kwa kocha. Wakafungwa matatu bila. Baada ya mechi wakakaa kwenye ukuta wa uwanja wakijikuna, maana chumvi ya kule ikishaingia kwenye jasho inakausha ngozi, na baada ya saa chache ngozi inapasuka kama udongo wa kiangazi. Hapo ndipo watu wa Salitrosa wakaanza kutoka majumbani na ndoo.

Hiyo ni desturi yao, na ni ya kale kuliko mpira. Mgeni haondoki Salitrosa na chumvi mwilini. Kila nyumba inatoa. Hata mtu aliyekutukana, hata mtoza ushuru, utampa maji aoge, kisha ndipo utamtukana.

"Dada, hawa ni Wafalme," Evaristo akamnong'oneza Saturnina. "Ndio wanaotaka tushuke. Na Alhamisi iko mbali."

"Wana chumvi au hawana?"

"Wanayo."

"Basi sogea nipite."

Mshambuliaji wa Wafalme, povu kichwani, akamwangalia kwa mshangao. "Mama, kwetu ukimshinda mgeni unamfungia bomba."

"Kwetu hakuna bomba, mwanangu," akasema Saturnina. "Inamisha kichwa, sabuni isikuingie machoni."

Kumbuka ndoo hizo. Nchi nyingine watu huangamia kwa uchoyo. Hawa uchoyo haukuwa ugonjwa wao.

Mwezi wa kumi na moja ligi ikaisha. Salitrosa walikuwa wa kwanza, pointi hamsini na tisa. Wafalme walikuwa wa mwisho, pointi kumi na nne. Kule mlimani watu walicheza ngoma juu ya chumvi siku nzima, na Justa, mke wa Evaristo, mja mzito wa miezi sita, akakatazwa na wifi yake mkunga kucheza, akacheza.

*

Sherehe ya kukabidhi kombe ikafanyika katika uwanja wa Don Anselmo. Mezani kulikuwa na kombe, maua, na bahasha mbili. Bendi ikapiga wimbo wa taifa mara mbili kwa kuwa Don Anselmo alichelewa wa kwanza.

"Wananchi wenzangu," akaanza, "leo ni siku ya fahari, tena fahari maradufu. Ni mataifa mangapi yaliyoendelea yanayoweza kumkabidhi mtu mmoja, kwa mkono mmoja, saa moja, kombe la ubingwa na hati ya kushuka daraja? Wanajaribu, hawawezi. Hawana takwimu! Ndugu zetu wa Salitrosa wamekuwa wa kwanza kwa pointi na wa mwisho kwa wastani. Wametuwakilisha juu na chini. Nani mwingine ameitumikia ligi yetu kwa upana namna hiyo?"

Bahasha ya kwanza ilikuwa na pongezi. Ya pili ilikuwa na wastani: tatu nukta moja. Wafalme walikuwa na thelathini na nane.

Evaristo akasimama na kombe mkononi kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenzake. "Mheshimiwa, ulisema bingwa hashushwi. Ulinishika bega."

"Nilisema, nani amewahi kumshusha bingwa? Hilo lilikuwa swali, mwanangu," akajibu Don Anselmo mbele ya kipaza sauti, na uso wake ulikuwa wa baba mwenye huruma. "Na ninayo furaha kwamba leo limepata jibu."

Jukwaani, mtu mmoja wa mji mkuu akasimama. "Jamani, hii si haki!"

"Kaa chini wewe, unaniziba," akasema aliyekuwa nyuma yake. "Wanagawa soda."

Akakaa. Aliipata soda.

*

Kulibaki mlango mmoja. Kifungu cha arobaini na nne cha sheria kilisema mji usio na maji kabisa unaweza kusamehewa, treni ikaendelea kusimama, baada ya ukaguzi. Saturnina alikigundua mwenyewe, akisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Akaandika barua. Shirikisho likajibu kwamba mkaguzi atafika Jumanne ya pili ya mwezi wa kumi na mbili. Mkaguzi ni Bwana Rufino Oyarzo.

Saturnina akaita mji mzima uwanjani. "Anakuja mtu wa rula. Ataandika anachokiona. Basi aone mapipa makavu. Jumanne ni siku mbili kabla ya treni, maji yamekwisha kweli, hatudanganyi. Kilichobaki kidogo majumbani, kifichwe. Mtu asimletee hata kikombe. Mmenielewa?"

"Tumekuelewa, mama."

"Apeni."

Wakaapa wote, mikono juu, mji mzima.

Rufino akafika. Alikuwa mtu mwadilifu, nataka ulijue hilo, maana wengi wanaotumaliza ni waadilifu. Akapita nyumba kwa nyumba juani, akiingiza rula kwenye mapipa. Sifuri. Sifuri. Vumbi. Kuna nyumba alikuta buibui. Akaandika yote kwa uaminifu, na Evaristo aliyekuwa akimbebea mkoba alichungulia daftari akarudi kwa dada yake mbio.

"Anaandika vizuri, dada! Ameandika 'hali ya kusikitisha'! Kwa wino!"

Alasiri, Rufino akaketi kwenye kizingiti cha nyumba ya wageni. Midomo yake ilikuwa imepasuka, shingo imekuwa nyekundu, na alikuwa akijikuna kimyakimya, akijificha, kama mtu mstaarabu. Watu walimwona kutoka madirishani. Hakuomba kitu. Laiti angeomba, wangemnyima. Alikaa tu na chumvi yake mwilini, mgeni, mbele ya macho ya mji.

Akaingia ndani kujilaza kidogo. Alipofungua tena mlango ili atoke, alikuta ndoo. Nyuma yake ndoo nyingine. Zilikuwa zimepangwa kutoka mlangoni mpaka barabarani, ndoo za bati, ndoo za plastiki, sufuria yenye mpini mmoja. Kila nyumba iliyoleta ilikuwa imepita kichochoro cha nyuma ikidhani iko peke yake, ikijiambia kwamba ndoo moja si kitu, kwamba wengine wanashika kiapo. Zilikuwa arobaini na moja. Ya arobaini na moja ilikuwa ya Saturnina.

Saturnina alikuta zimepangwa, akasimama na ndoo yake mkononi, akaelewa. Rufino alikuwa keshamwona.

"Mama," akasema, machozi yakimlenga, "sijawahi kupokelewa hivi."

"Bwana Rufino, hayo ni maji ya mwisho ya mji huu."

"Mnanitukuza mno."

"Nakuambia ukweli. Ni ya mwisho. Yaandike hivyo."

"Mama, mimi siandiki ninachoambiwa," akasema Rufino kwa heshima kubwa, akitoa rula. "Naandika ninachopima."

Akaoga ndoo mbili, akiimba. Nyingine akazipima kina.

Ripoti yake ninayo, kurasa tatu. Inasema mkaguzi mmoja alipewa ndoo arobaini na moja kwa siku moja. Inasema mji una watu elfu moja na mia mbili. Inasema kwa hiyo, kwa wastani, Salitrosa ina uwezo wa kutoa ndoo elfu arobaini na tisa na mia mbili kwa siku, kiasi ambacho mji mkuu haujakifikia. Inapendekeza Salitrosa isaidie miji mingine. Mwisho inawashukuru wenyeji kwa ukarimu wao, na neno ukarimu limepigiwa mstari, umenyooka kabisa.

*

Januari treni ikaacha kusimama. Ikapunguza mwendo, kama sheria ilivyotaka. Mwongozo ulisema mwendo wa mtu mzima anayechelewa kidogo.

Basi mabingwa wa taifa wakawa wanakimbia kando ya tangi kila Alhamisi na ndoo mikononi. Winga wa kulia anafungua bomba, beki anakinga, kiungo anapokea, wanapasiana ndoo kama walivyopasiana mpira. Wiki ya kwanza walipata ndoo sitini kwa mji wa watu elfu moja na mia mbili. Shirikisho likawaandikia barua ya onyo kwa kufanya mazoezi nje ya kalenda. Kisha mwongozo ukarekebishwa: mwendo wa mtu mzima anayechelewa sana. Wiki iliyofuata walipata ndoo kumi na tisa, na winga akavunjika mkono.

Justa alishikwa na uchungu Jumanne moja ya Februari. Saturnina alikuwa na nusu birika. Alipolimaliza, alinawa kwa maji yaliyochemshiwa viazi, kisha akanawa kwa hayohayo tena, kisha tena. Mtoto alizaliwa wa kike, mzima, mwenye kelele. Justa akaanza homa Alhamisi, wakati treni inapita. Evaristo aliikimbilia akaikosa. Justa alifariki Jumapili, mke wa nahodha wa bingwa wa taifa, kwa sababu ya mikono ya mkunga iliyokosa maji ya kunawa.

Shirikisho lilituma simu ya rambirambi. Kwa klabu za daraja la pili kanuni iliruhusu maneno manne. Ikaja hivi: "Tumepata habari. Poleni. Larrea."

Saturnina hakulia mbele za watu. Alipita nyumba kwa nyumba, zote, siku tatu.

"Alhamisi nakwenda kukaa relini," alisema kila mlango. "Tukikaa wote, itasimama."

"Tuko pamoja, mama," ikasema kila nyumba.

Alhamisi walikuja wanne. Saturnina, Evaristo, winga mwenye mkono wa bendeji, na bikizee mmoja aliyefumia soksi palepale juu ya reli. Mji uliobaki ulisimama milangoni. Treni ikaonekana mbali, ikapiga honi, ikapiga tena, ikapiga mfululizo. Bikizee hakuacha kufuma. Ilisimama hatua nne kutoka magotini mwa Saturnina.

Hapo milango ikafunguka. Watu wakamiminika na ndoo, mapipa, madumu, masufuria, saa sita nzima, mpaka tangi likapiga mwangwi. Kila aliyepita na ndoo yake iliyojaa alimshukuru Saturnina kwa moyo wote. "Mungu akubariki, mama." "Bila wewe, mama." Kisha akaingia ndani akafunga mlango. Askari walipofika, relini walikuwa walewale wanne.

Evaristo na winga walifungiwa kucheza mpira maisha. Bikizee aliambiwa aende nyumbani. Soksi zilichukuliwa kuwa ushahidi. Saturnina akashtakiwa kwa kuchelewesha ratiba ya taifa.

Wakili wake, kijana wa kupewa na serikali, alijitahidi. "Mheshimiwa Jaji, mteja wangu ana miaka kumi na minane ya nyuma bila kosa lolote. Naomba mahakama ikokotoe wastani wake."

Jaji akamtazama juu ya miwani. "Wastani ni wa mpira, wakili. Hapa tunaangalia msimu huu."

Akampa miaka sita. Mwaka mmoja kwa kila saa.

*

Yuko ndani bado. Mwaka wake wa nne huu. Salitrosa ilishuka tena, maana timu isiyo na nahodha, winga na maji haichezi vizuri, na sasa treni inapiga honi kwa heshima. Nusu ya mji imehama. Wafalme walishika mkia tena msimu uliopita na wastani wao ni mzuri.

Najua unachofikiri. Unafikiri wale watu wa milangoni walikuwa wabaya. Hawakuwa wabaya. Walikuwa watu wema waliosema tuko pamoja, na walimaanisha, na walikuwa na sababu: huyu ana watoto, yule ana mama mgonjwa, mwingine alijua kwamba wengine wataenda. Laiti wangekaa mia mbili kwenye reli ile, ungemkamata nani? Gari gani la askari lingewatosha? Mwanamke yule anaoza gerezani kwa sababu ya upungufu wa watu mia moja na tisini na sita wenye uwezo wa kukaa chini. Kukaa tu. Hakuna aliyeombwa kufa.

Sasa sikiliza, maana hadithi ya nchi ya mbali imekwisha na nazungumza na wewe. Leo, kwenye ofisi ya kata yako, inasomwa orodha ya mitaa itakayopata maji na mitaa itakayosubiri. Tangazo limebandikwa wiki mbili. Umelipita kila siku. Jirani yako, yule mama wa nyumba ya pili ambaye salamu zake huziitikii vizuri, amekwenda tangu asubuhi kuuliza imehesabiwaje, na amekwenda peke yake, kwa sababu jana ulimwambia utakuja. Mkutano umeanza saa nne. Sasa ni saa nne na robo. Inuka. Gonga mlango wa kushoto, gonga wa kulia, usikubali kuambiwa tuko pamoja na mtu ambaye hajavaa viatu. Nenda ukakae karibu yake, bega kwa bega, mbele kabisa, na msiondoke hapo mpaka hesabu iandikwe kwenye karatasi na kutiwa sahihi.

Bado unasoma? Nenda.